Kibanda Chenye Chumba Kimoja

Jumanne, 2 Januari

Kwa wote watakaohusika, na hasa kwa paka: mimi, Rosina Hefti, mjane wa Kaspar Hefti, mwenye bucha pekee katika kijiji hiki, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, natangaza kwamba kuanzia leo mashine ya kusagia nyama itakaa kushoto kwa mlango badala ya kulia. Uamuzi huu ni wa mwisho na hauna rufaa.

Sababu niliyowapa watu ni umeme. Sababu yenyewe ni kwamba nikisimama kushoto naiona barabara yote, kuanzia kanisani hadi nyumbani kwa Jost Zwicky, na mwaka huu nataka kuona.

Jumatano, 3 Januari

Theluji. Sijaona kitu.

Jumamosi, 6 Januari

Seraina amekuja kula mchana. Huyu ni mwanangu wa ubatizo. Nilimshika mimi pale kanisani akiwa mchanga, akalia, mchungaji wa wakati ule akatamka jina la mvulana, na sote tukaenda kunywa chai tukiamini kazi imekwisha. Jina lile nalijua, na kijiji kizima kinalijua. Hapa sitaliandika, kwa sababu daftari ni langu.

Kwa miaka tisa alipanda kila kiangazi kwenye malisho ya juu kutengeneza jibini, yeye na mzee Melk, ng'ombe wa ushirika mzima wakiwa mikononi mwao. Vuli ya mwaka juzi aliteremka na ng'ombe kama kawaida, wamevikwa maua vichwani. Mwezi uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa ushirika wa malisho, ajenda ilipofika "Mengineyo", baada ya suala la uzio, alisimama akasema kwamba yeye ni mwanamke, kwamba amekuwa hivyo siku zote, na kwamba jina lake ni Seraina. Jost Zwicky, ambaye ndiye mwenyekiti, alikohoa, akauliza kama kuna mengineyo mengine. Hapakuwa na mengine.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Jost alimwambia asipande tena. Kibanda cha kule juu kina chumba kimoja cha kulala, alisema, na Melk ni mwanamume. Kiangazi chote kilichopita Seraina alikuwa bondeni kiwandani, anapakia biskuti kwenye maboksi. Wakili wa mjini alimwambia kwamba katika sheria za jimbo letu hakuna mstari anaoweza kuuwekea kidole.

"Mama," aliniambia leo huku anachovya mkate kwenye supu, "nikisema nimeonewa wananiuliza, kwa sheria ipi?"

"Nawe unawajibu nini?"

"Kwamba nimeshaiandika."

Ameiandika kweli. Ni sentensi moja: mtu asibaguliwe kazini, wala kwenye nyumba ya kupanga, wala kwenye huduma yoyote, kwa sababu ya jinsia anayoishi nayo. Kwetu raia yeyote anaweza kupeleka pendekezo lake kwenye Baraza, na Jumapili ya kwanza ya Mei tutasimama wote uwanjani, mbele za watu, na kulipigia kura kwa kunyoosha mikono. Jost ametamka mbele ya mashahidi hotelini: watu wakisema ndiyo, Seraina atapanda kiangazi hiki. Wakisema hapana, malisho yatapewa mtu wa nje, na mkataba mpya ni wa miaka sita.

Mimi swali langu ni la mtu asiyesoma. "Kwani watu hawawezi kuwa na adabu bila sheria?"

"Mizani yako inakaguliwa?"

"Kila mwaka."

"Kwani wewe huna adabu?"

Nikamwongezea supu.

Ijumaa, 12 Januari

Jost amekuja dukani. Ni binamu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo ananiita shemeji na anajiona ana ruhusa ya kusimama mahali popote.

"Shemeji, mashine imehama."

"Umeme."

"Umeme uko kulia."

Nikamuuliza anataka nini. Alitaka ini. Wakati nalikata akaanza kujitetea, ingawa sikuwa nimemshtaki.

"Mimi sina chuki na mtu wenu."

"Mtu wetu yupi? Nina watu wengi."

"Unamjua. Lakini chumba ni kimoja, Rosina. Unataka nimlaze wapi?"

"Miaka tisa alilala wapi?"

"Miaka tisa alikuwa mwanamume."

"Na sasa?"

"Sasa anasema ni mwanamke."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ni yuleyule."

"Basi kama ni yuleyule, alale palepale. Na kama ni mwanamke, mwite kwa jina lake. Chagua moja, Jost, lakini usichukue yote mawili kwa bei ya moja."

Akatoka. Ini akaliacha. Baada ya nusu saa akaja mkewe, Verena, mwanamke ambaye hupima maneno kama ninavyopima mimi nyama ya ndama. "Ini," alisema. Nikampa. Nimeandika kwenye hesabu yangu ya kichwani: nyumba ile ina hapana mbili.

Jumanne, 23 Januari

Baridi. Paka hataki kutoka. Nami pia.

Jumanne, 13 Februari

Jost ameniletea jibini la kiangazi kilichopita niliuze. Lilitengenezwa na kijana mmoja wa kuajiriwa, mtu wa mbali, ambaye inasemekana ana vyeti. Nilipolikata, lilipumua. Sijawahi kusikia jibini likipumua. Ndani kulikuwa na nyufa, na harufu ikamfanya paka aondoke mwenyewe, yeye ambaye tangu Januari hatoki.

"Lina tabia yake," alisema Jost.

"Hata marehemu Kaspar alikuwa na tabia yake, lakini sikumweka dirishani."

Hakucheka. Nilimtazama vizuri, nikaona kitu ambacho sikukitegemea: mtu aliyechoka. Jibini likiharibika, wanachama wote wa ushirika huenda kugonga mlango mmoja tu. Alilibeba likiwa limefungwa gazetini, kama mtu anayeondoka na mtoto wa watu.

Mzee Melk alikuwa amesimama pembeni akingoja mifupa ya mbwa wake. Nikamuuliza kiangazi na yule kijana kilikuwaje.

"Alikoroma."

"Na Seraina?"

"Seraina hakoromi."

Nilingoja aongeze neno. Melk si mtu wa kuongeza. Kama hukumuuliza jambo, basi kwake jambo hilo halipo.

Alhamisi, 22 Februari

Theluji, halafu mvua, halafu theluji juu ya mvua. Mchungaji ameanguka mbele ya duka langu. Hakuumia. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna kingine.

Jumatano, 6 Machi

Leo ni siku ya mtakatifu wetu. Watoto wamewasha mioto milimani. Mchungaji Trümpi alikuja kununua nyama ya kuvuta moshi akaniambia, sauti chini ingawa tulikuwa wawili tu, kwamba yeye yuko pamoja na Seraina.

"Moyoni kabisa," alisema.

"Ahsante, Mchungaji. Na mkono je?"

"Mkono unafuata moyo, Bi Rosina."

Nimemwekea ndiyo. Mtu wa Mungu haanguki mara mbili mwaka mmoja.

Seraina amekuwa akifanyia mazoezi hotuba yake kwenye chumba changu cha baridi, kati ya mapaja ya nguruwe yanayoning'inia, kwa sababu nyumbani kwake kuta ni nyembamba. Utaratibu wa jukwaani ni huu: unawasalimu watu, unasema kwanza unachotaka wafanye, ndiyo au hapana, kisha unatoa sababu, kisha unashuka. Akifika pale pa "wananchi wenzangu wapendwa", sauti inamkauka.

"Yaangalie mapaja," nikamwambia. "Jifanye ndio watu."

"Haya hayanitishi, Mama. Haya hayanijui."

Jumatano, 20 Machi

Upepo wa joto kutoka kusini, siku ya tatu sasa. Kuvuta sigara nje ni marufuku, kama kila upepo huu unapovuma, tangu ule mwaka mji ulipoungua. Watu wanaumwa vichwa, na wasioumwa wanatafuta ugomvi. Kuna mtu ametundika suruali ya kiume kwenye lango la Seraina, na karatasi imebandikwa kiunoni: UMESAHAU HII.

Alikuja nayo dukani mkononi.

"Ni nzuri," alisema. "Kitambaa kizito. Nimeijaribu, inanitosha. Nitaivaa kusafishia zizi la baba."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akanywa kahawa akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akaondoka jua limeshavuka mlima. Mtu aliyefurahia suruali hakai hivyo.

Jioni nilisimama kwenye mashine nikiangalia barabara. Nataka kujua ni nani. Si kwa ajili ya ugomvi. Nataka kujua kama ananunua nyama kwangu, na ninapomrudishia chenji, anasema ahsante kwa uso gani.

Ijumaa, 22 Machi

Upepo umekatika. Watu wanasalimiana tena.

Jumanne, 9 Aprili

Kijitabu cha Baraza kimefika kila nyumba. Pendekezo la Seraina liko karibu na mwisho, baada ya barabara ya kukwepa maporomoko ya theluji na kabla ya ada ya mbwa. Serikali inashauri: likataliwe, kwa kuwa haja yake haijathibitika.

Seraina alikisoma akiegemea kaunta yangu. Akasoma tena.

"Mimi ndiye haja isiyothibitika," alisema.

"Hata ada ya mbwa wameshauri ikubaliwe," nikasema. Sikuwa na maneno mengine, na hayo niliyajutia kabla hayajatua.

Alikunja kijitabu, akakitia mfukoni, akaniuliza kama angeweza kutumia chumba cha baridi tena. Nikamsikia humo akianza upya, wananchi wenzangu wapendwa, wananchi wenzangu wapendwa, kama mtu anayewasha pikipiki asubuhi ya baridi.

Alasiri akaingia mama mmoja nisiyemjua, wa bonde la chini kwa viatu vyake. Hakununua kitu. Aliuliza kama hapa ndipo kwa mama wa ubatizo wa yule mwenye sheria. Nikasema ndipo. Akasema mwanawe anasoma ufundi kwenye gereji, ana mwaka mmoja umebaki, na ameficha jambo lake mpaka amalize, kwa sababu mwenye gereji akijua atamfukuza na hakuna wa kumzuia. "Mwambie tu tutakuwepo uwanjani," alisema. "Lakini hatutasimama karibu naye."

Mpaka leo nilidhani tunazungumzia kibanda kimoja.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemsindikiza Seraina kutembelea nyumba za wanachama wa ushirika. Kwetu humuulizi mtu atapigaje kura. Ni kama kumuuliza ana nini mfukoni. Unakunywa kahawa, unazungumza nyasi, magoti, bei ya mbao. Ukiaga, unasema "tutaonana uwanjani," na mwenye nyumba anajibu "tutaonana," na wewe unaondoka ukiichambua ile "tutaonana" njia nzima.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Jost. Verena alitufungulia, akatuwekea keki ya mlozi. Jost alizungumza nyasi hadi zikaisha. Kisha Seraina akamwambia, kwa upole, kama mtu anayemwambia mwenzake kamba ya kiatu imefunguka:

"Bwana Jost, wewe ndiye uliyenifundisha kukoroga maziwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Uliniambia mkono wangu ni mzuri."

"Nakumbuka."

"Ni mkono uleule."

Jost akatazama dirishani. "Tatizo siyo mkono," alisema. "Wanachama wananitazama mimi. Nikisogea hivi, wanasogea hivi. Nikikaa, wanakaa. Wewe unadhani mimi ni mtu mmoja. Mimi siwezi hata kubadilisha kofia bila mkutano."

Verena alikusanya vikombe. Kabla Seraina hajamaliza kahawa yake, alimwongezea, halafu yangu akaichukua. Nimelifikiria jambo hilo mpaka sasa.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua. Nimejaza soseji za nyama ya ndama tangu alfajiri. Kesho baada ya Baraza jimbo zima litakula chakula kilekile: soseji, viazi vya kuponda na rojo la plamu. Hapa kijijini, watakaosema ndiyo na watakaosema hapana watakula soseji zilezile kutoka mashine ileile iliyo kushoto kwa mlango.

Seraina hakuja kufanya mazoezi.

Jumapili, 5 Mei

Naandika mkono ukinuka plamu. Niiandike siku hii vizuri kabla watu hawajaanza kuiboresha.

Mvua haikukatika. Tulisimama uwanjani kwenye duara la mbao, maelfu yetu, kila mtu na kadi yake ya kijani ya kupigia kura na mwavuli wake, na ukitazama kutoka safu yangu ya juu ulikuwa kama bustani ya uyoga mweusi. Mkuu wa jimbo alikuwa katikati ameegemea upanga wa cheo chake, kofia inadondosha maji. Yeye ndiye anayehukumu kwa macho ni mikono ipi mingi, na akishasema, imekwisha. Kupiga makofi ni marufuku, na kuzomea pia. Kura ikifika, miavuli yote hufungwa, ili mikono ionekane, na watu wote wanalowa kwa usawa.

Nilikuwa na nafasi nzuri. Chini yangu upande wa kulia alisimama Jost na wanachama wa ushirika nyuma yake. Verena alikuwa kando yake. Mchungaji Trümpi alikuwa mbali kidogo, shali mpaka puani.

Pendekezo la barabara ya theluji likapita. Kisha Seraina akapanda jukwaani.

Hakuwa na karatasi. Alisalimu, na sauti haikukauka. "Naomba mlikubali," alisema, kama utaratibu unavyotaka. Kisha akasema sababu, fupi. Kwamba hakuomba apendwe. Kwamba mtu mwenye duka hawezi kumpunja mteja uzito kwa sababu hapendi uso wake, na hilo halikuachiwa tabia ya mwenye duka, limeandikwa. Kwamba uwanjani hapa, leo, wapo watu ambao hawakusimama karibu naye na wana sababu, na sentensi hii ni yao kuliko yake. "Mimi mmeshanijua," alisema. "Wao hamjawajua, na bila sentensi hii hamtawajua." Akashuka.

Nikatafuta kwa macho yule mama wa bonde la chini. Miavuli yote inafanana.

Akapanda bwana mmoja wa mjini akasema sheria zimezidi, jimbo dogo haliwezi kubeba sheria kwa kila mtu. Alisema vizuri, alikuwa na meno mazuri. Sote tukamtazama Jost, kwa sababu ilijulikana atazungumza. Jost hakusogea.

Badala yake akapanda mzee Melk. Niliona mgongo wake ukipanda ngazi na sikuamini mgongo. Aliwatazama watu, akasahau kusalimu.

"Jibini la mwaka jana mmelila," alisema. "Ahsanteni."

Akaanza kushuka.

"Mzee," Mkuu wa jimbo akamwita, "utaratibu. Unapendekeza nini, likubaliwe au likataliwe?"

Melk alifikiri. "Napendekeza asiyekoroma," alisema. "Likubaliwe."

Kucheka hakujakatazwa kwa maandishi, lakini si desturi. Niliona mabega yakitikisika safu kwa safu, mvua ikiyadondokea.

"Fungeni miavuli," alisema Mkuu. "Wanaokubali."

Miavuli ikafungwa, kadi zikapanda. Nikanyoosha yangu mpaka bega likalia. Halafu nikafanya nilichokuja kufanya. Mchungaji: kadi ilikuwa juu, ndiyo, lakini imefika usawa wa kifungo cha pili cha koti, pale ambapo ni yeye tu na Muumba wake wangeweza kuiona. Verena: mkono wote, umenyooka juu kabisa kama anaanika shuka, na uso wake haukumwangalia mtu. Nikafuta hapana moja kichwani na nikaona haya kidogo. Jost: mikono miwili kwenye mpini wa mwavuli uliofungwa. Nyuma yake ushirika mzima ulikuwa kama mawe.

"Wanaokataa."

Jost, vilevile. Hakunyoosha popote. Nyuma yake wengine walinyoosha, wengine walimtazama kisogo wakisubiri.

Mkuu alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaita wenzake wanne, wakanong'ona. Haikuonekana ni upande upi ulio mwingi. Kura irudiwe. Miavuli ikafunguliwa tena, mvua ikaongezeka kama vile nayo ilikuwa imepewa nafasi ya pili. Seraina alikuwa amesimama chini ya jukwaa bila mwavuli, nywele zimemlalia usoni. Jost alikuwa akimtazama. Sijui kwa muda gani. Niliona tu kwamba alikuwa akimtazama.

"Fungeni miavuli. Wanaokubali."

Mwavuli wa Jost haukufungika.

Aliuvuta chini, haukukubali. Akauinua juu ya kichwa, mkono umenyooka wote, kadi ya kijani imebanwa na vidole vilevile vilivyoshika mpini, akapambana nao kule juu, anautikisa, anausukuma, mtu mzima, mwenyekiti wa ushirika. Na nyuma yake wanachama wakauona mkono. Mmoja akanyoosha kadi. Kisha jirani yake. Kisha ilikuwa kama upepo umepita kwenye nyasi, safu nzima, na safu ya pili, na waliosimama kando ambao walizoea kutazama ushirika unafanya nini.

"Wanaokataa."

Mwavuli ukafungika. Jost akaushusha ubavuni akausimamisha kama fimbo.

Mkuu wa jimbo hakuwaita wenzake. "Walio wengi wamekubali," alisema, akaegemea upanga, akafungua ukurasa wa ada ya mbwa.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa ni marufuku. Kilichosikika ni miavuli ikifunguliwa, yote kwa pamoja, uwanja mzima. Seraina aligeuka kunitafuta kwenye safu za juu. Nikapunga kadi, jambo ambalo nalo haliruhusiwi, na jirani yangu akanikumbusha.

Soseji zimekwisha zote.

Jumatatu, 6 Mei

Nimelala mpaka saa tatu. Duka halikufunguliwa. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu sikuwepo kuwasikia.

Jumanne, 14 Mei

Mvua tena. Jost akaja dukani. Pale mlangoni akafunga mwavuli wake kwa kidole gumba, taratibu, tap, kama mtu anayefunga kiberiti cha gesi.

Nikautazama mwavuli. Akanitazama nikiutazama.

"Mpya?"

"Wa zamani."

"Uleule?"

"Nipatie ini, shemeji."

Nikampa ini. Mara hii hakulisahau. Akiwa mlangoni alisema, bila kugeuka, kwamba Seraina atapanda tarehe nane Juni, na kama nina soseji za ziada, kule juu watu hula.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Mtu anaweza kuwa jasiri kwa namna ambayo haitamletea lawama hata moja. Sijui kama hilo linaitwa ujasiri. Lakini ng'ombe watakamuliwa na mkono uleule, na yule kijana wa gereji atamaliza mwaka wake akiwa na sentensi mfukoni. Verena sijampa chochote, kwa hiyo leo nilimwekea mfupa wa supu juu ya ini bila kuuandika.

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Nyasi zimesimama. Paka amerudi na panya, akaniwekea kwenye mashine.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepanda malisho ya juu kwa miguu yangu mwenyewe, nyuma ya ng'ombe, na mkoba wa soseji mgongoni. Sikuwa nimefika huko tangu Kaspar alipokuwa hai. Magoti yatanisema wiki nzima.

Seraina alikuwa mbele, amevaa ile suruali ya langoni. Ng'ombe walimjua kabla hajawaita. Tulipofika akaingia moja kwa moja kuosha sufuria kubwa, akaipigapiga ubavu kwa kiganja, akainusa, akasema kitu kibaya sana kuhusu yule kijana mwenye vyeti.

Mimi nikaketi kupumzika, halafu, kwa vile kuketi hakunifai, nikaanza kutazama. Kibanda kina jiko. Kina chumba cha kulala, vitanda viwili, kimoja kila ukuta, kama nilivyosikia msimu mzima. Na nje, upande wa mashariki, kuna mlango mwingine. Nikaufungua. Ndani kuna kitanda, dirisha, kigingi cha kutundikia koti, na kizingiti kilicholika kwa miaka mingi ya kukanyagwa.

Nikamwita Melk. "Hiki ni nini?"

"Chumba."

"Kimekuwepo tangu lini?"

"Tangu maporomoko ya theluji, walipojenga upya."

"Melk. Bonde zima limezozana tangu mwaka jana kwa sababu kibanda hiki kina chumba kimoja."

"Hakuna aliyeniuliza," alisema, akaenda kwa ng'ombe.

Seraina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono inadondosha povu. Nikamuuliza kama naye alikuwa anajua.

"Nilikisafisha mwenyewe, Mama."

"Na ukanyamaza."

"Ningewaambia, Jost angenipa hiki chumba. Ningeshukuru. Mwaka ujao ningeomba tena, na yule wa gereji angebaki na mwenye gereji." Akajipangusa mikono. "Nilitaka wajibu lile swali lenyewe."

Nikauliza basi sasa nani atalala humu, yeye au Melk.

Hakuna. Wote wawili watalala kwenye chumba cha kwanza, kama walivyolala ile miaka tisa. Chumba cha pili ni cha mbwa, na mbwa hataki kuhama.